Kabureta ni Kipimo: Isikilize Kabla ya Kuifungua

Pikipiki ya zamani ikigoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huangukia kabureta. Fundi anachuchumaa, anafungua bakuli la chini, anapuliza jeti kwa mdomo, anapitisha waya kwenye tundu, anafunga. Pikipiki inawaka na mwenyewe anaondoka akishukuru. Wiki haijaisha amerudi: sasa pikipiki inakunywa mafuta kupita kiasi, plagi imejaa masizi, na ikisimama kwenye foleni inazima. Uchafu umetoka kweli, lakini ule waya umeacha ugonjwa mwingine, tena mgumu zaidi kutibika.

Mambo haya hutokea kwenye vijiwe vingi vya bodaboda, na si kwa sababu mafundi ni wavivu. Yanatokana na kuichukulia kabureta kama bomba la kupitishia mafuta tu. Kabureta ni kipimo. Inapima petroli na kuichanganya na hewa kwa uwiano unaofaa, mara maelfu kwa dakika, kwa kutumia matundu ambayo mengine hayafiki nusu milimita. Anayeelewa inavyopima anaweza kujua hitilafu iko wapi kabla hajashika bisibisi, na anaweza kuisafisha bila kuiharibu.

Elimu hii bado ina soko kubwa kwetu. Nchini India, kanuni za moshi zilizoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020 ziliwalazimisha watengenezaji wengi kuhamia mfumo wa kuingiza petroli kwa sindano ya umeme. Lakini pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo Afrika Mashariki, kuanzia Boxer na TVS hadi zile za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970, zinategemea kabureta. Na kabureta ina neema moja: haihitaji kompyuta ya kuipima. Inahitaji macho, masikio na subira.

Hewa na petroli

Pistoni inaposhuka ndani ya silinda huvuta hewa kupitia koo la kabureta. Koo hilo limebanwa katikati. Hewa ikifika penye wembamba hulazimika kwenda kasi, na ikienda kasi kanieneo yake hushuka. Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, alieleza uhusiano huu wa kasi na kanieneo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1738. Mwaka 1797 Giovanni Battista Venturi, mwanafizikia wa Italia, alichapisha majaribio yake juu ya vimiminika vinavyopita kwenye mabomba yaliyobanwa, na hadi leo koo la aina hiyo linaitwa kwa jina lake. Kabureta yenye floti na jeti ya kunyunyiza ilitengenezwa na Wilhelm Maybach nchini Ujerumani mwaka 1893, na mwaka huohuo Wahangari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili hataza ya kabureta yao.

Chini ya koo kuna bakuli lenye petroli, na bakuli hilo lina kijitundu cha kupumulia kinachoruhusu hewa ya nje kuingia. Hapo ndipo penye siri. Hewa ya nje inaikandamiza petroli kwenye bakuli, huku kanieneo ya kooni ikiwa imeshuka. Kwa hiyo petroli inasukumwa kupanda kwenye jeti na kutawanyika kuwa ukungu. Bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Ndiyo maana mpira wa kupumulia wa bakuli ukipindwa au kuzibwa na tope, injini hufa njaa ingawa tangi limejaa.

Sasa tazama jinsi vipimo vilivyo vidogo. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli inahitaji karibu lita 9,000 za hewa. Chukua pikipiki inayotumia lita moja kwa kilomita 50, ikienda kilomita 50 kwa saa huku injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika. Injini ya mipigo minne huvuta mchanganyiko mara moja katika kila mizunguko miwili, yaani mara 150,000 kwa saa. Gawanya lita moja kwa idadi hiyo: kila mvuto unapata chini ya sehemu moja ya mia ya mililita. Tone moja la petroli linagawanywa kwa mivuto mitatu au zaidi.

Kwa kipimo cha namna hiyo, uchafu kidogo ni balaa. Jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa sailensi, yaani ikinguruma bila eksileta kuvutwa, inaweza kuwa na tundu la milimita 0.38. Utando wa milimita 0.02 ukijipaka kuzunguka tundu hilo, kipenyo kinabaki 0.34 na eneo la kupitishia mafuta linapungua kwa asilimia 20. Waya ukilikwangua tundu hilohilo hadi likafika milimita 0.42, eneo linaongezeka kwa asilimia 22. Kwa jicho tupu hutaona tofauti yoyote kati ya jeti hizo tatu. Injini itaiona mara moja.

Ugonjwa unajitaja

Kabureta haina njia moja ya mafuta. Ina kadhaa, na kila moja hushika zamu kulingana na kiasi ulichovuta eksileta. Anayezijua zamu hizi ameshamaliza nusu ya kazi.

Eksileta ikiwa imefungwa, au imevutwa kwa kiasi cha moja ya nane tu, anayehudumia ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Ukiongeza hadi karibu robo, umbo la slaidi, ile pistoni inayopanda na kushuka ndani ya koo, ndilo huamua. Kuanzia robo hadi robo tatu, sindano iliyoning'inia chini ya slaidi hupanda taratibu, na kwa kuwa imechongoka, nafasi ya mafuta inaongezeka kadiri inavyopanda. Kutoka robo tatu hadi mwisho, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Mipaka hii huingiliana, lakini inatosha kukuonyesha pa kuanzia.

Njia rahisi ya kuitumia elimu hii ni kubandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye mshikio wa eksileta na kingine pembeni yake pasipozunguka, kisha kuchora alama za kufungwa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Endesha pikipiki ikiwa imepata moto, mahali palipo salama, na uangalie inamisi kwenye alama ipi. Usitazame spidi wala gia, tazama alama.

Ikizima kwenye sailensi lakini ikaenda vizuri barabarani, shuku jeti ndogo. Ikikaa vizuri sailensi, ikachanganya mwendo wa kati, kisha ikakosa nguvu unapovuta hadi mwisho mlimani, angalia jeti kubwa, au mafuta yanayoingia polepole kwenye bakuli. Ikikubali kwenda pale tu choki inapokuwa imevutwa, inakuambia kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno: ama jeti ndogo imeziba, ama kuna mahali hewa inaingia kwa wizi. Na ikiwa inakohoa moshi mweusi na plagi ina masizi makavu, mafuta yamezidi hewa.

Plagi yenyewe ni shahidi mzuri. Rangi ya hudhurungi iliyofifia kwenye kauri ya ncha ni dalili njema. Weusi mkavu kama masizi ya sufuria ni mafuta mengi. Plagi iliyolowa petroli inaonyesha injini imefurika au cheche haipo. Weupe uliokauka, hasa ukiambatana na joto lisilo la kawaida, unaonya kwamba mafuta ni pungufu. Hali hiyo isiachwe iendelee, kwa sababu injini inayopewa petroli kidogo mno kwenye mwendo mkubwa inaweza kuharibu pistoni na valvu.

Kabla ya kugusa bisibisi

Kabureta husingiziwa makosa ya wengine. Kuna mambo kadhaa ya kuondoa shaka kwanza, nayo hayahitaji kuifungua.

Anza na mafuta. Chomoa mpira unaotoka tangini kwenda kwenye kabureta, uelekeze kwenye chombo, ufungue koki. Petroli inapaswa kutoka mfululizo. Kama inatoka vizuri halafu inadhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Ikirudi kwa nguvu, tatizo ni kijitundu cha kupumulia cha kifuniko: kimeziba, na tangi limeshindwa kuvuta hewa ya kujaza nafasi ya mafuta yaliyotoka. Pikipiki ya namna hii hutembea kilomita kadhaa, ikazima, ikapumzishwa, ikawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Wapo waliobadilishiwa kabureta nzima kwa ajili ya kijitundu hicho.

Pili, eya klina. Ikiwa imejaa vumbi, hewa inapungua na mchanganyiko unakuwa mzito wa mafuta hata kama kila jeti ni safi. Kwenye barabara za vumbi kifaa hiki ndicho kinachoilinda injini, na kukitoa ili pikipiki ivute vizuri ni kuisaga injini kwa mchanga.

Tatu, hewa ya wizi. Kati ya kabureta na injini kuna kiungo chenye mpira au gasketi na oringi. Kikipasuka au boliti zake zikilegea, hewa inaingia bila kupita kwenye kipimo. Dalili yake ni sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, au mzunguko unaochelewa kushuka ukiachia eksileta. Injini ikiwa imepoa, iwashe na unyunyize maji kidogo ya sabuni kwenye kiungo. Mzunguko ukibadilika au mapovu yakivutwa ndani, umempata mwizi.

Nne, cheche na valvu. Valvu iliyobanwa mno haifungi vizuri, na pikipiki yake huwa ngumu kuwaka na hukataa sailensi, dalili zilezile za jeti ndogo iliyoziba. Kupima uwazi wa valvu injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki husika, ni kazi ya muda mfupi. Ifanywe kwanza.

Baada ya haya yote, legeza skrubu ya kumwagia chini ya bakuli na ukinge mafuta kwenye kikombe cha kioo au chupa angavu. Hapa bakuli linakusimulia maisha ya pikipiki. Petroli safi ni angavu na ina harufu kali. Iliyolala muda mrefu ina rangi ya chai na harufu nzito kama ya rangi ya mafuta. Yatikise kidogo halafu yaache yatulie: ukiona vibonge vidogo angavu vikiviringika sakafuni mwa kikombe bila kuchanganyika, hayo ni maji, nayo hukaa chini kwa sababu ni mazito kuliko petroli. Chembe nyekundu ni kutu ya tangi. Unga mweupe au wa kijivu ni ulikaji wa bakuli lenyewe, na mara nyingi maji ndiyo yaliyouleta.

Kinachoziba ni nini

Petroli ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 30 hivi, nzito huvuka 200. Pikipiki ikiegeshwa miezi, zile nyepesi zinazosaidia kuwasha ndizo zinazotoroka kwanza kupitia kijitundu cha bakuli. Zinazobaki hukutana na oksijeni ya hewa, molekuli zake zinaungana, na hatimaye unapatikana utando wa kahawia unaonata kama ulimbo na kukauka kama vanishi. Utando huo hauzibi tangi. Unaziba palipo pembamba kuliko kote, yaani jeti ndogo na vijitundu vyake. Ndiyo maana pikipiki iliyolala huanza kulalamikia sailensi kabla ya kitu kingine.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huleta shida nyingine. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi na hayahimili mgandamizo wa injini kama petroli, kwa hiyo pikipiki huwaka kwa taabu, hugonga ndani ikipanda mlima, na huacha masizi. Udanganyifu huu ulienea kiasi kwamba serikali zetu zililazimika kuingilia kati: Tanzania ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Mteja anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara hana njia ya kujua kilichomo. Kabureta yake ndiyo itakayomwambia, tena kwa gharama.

Kuifungua na kuisafisha

Ikithibitika kwamba kabureta ndiyo yenye kosa, ioshe kwanza nje ikiwa bado imefungwa. Vumbi lililoganda juu yake ndilo litakaloingia ndani ukianza kulegeza skrubu. Funga koki, mwaga bakuli, kisha ichomoe na uifanyie kazi juu ya kitambaa cheupe au sinia, ili springi na oringi zisipotee mchangani. Piga picha kwa simu katika kila hatua. Pikipiki za Kijapani na nyingi zilizofuata muundo wake hutumia skrubu za msalaba ambazo umbo lake linatofautiana kidogo na bisibisi ya kawaida. Bisibisi isiyokaa sawasawa huchana kichwa cha skrubu. Ikandamize bisibisi vizuri ndani ya msalaba kabla ya kuizungusha.

Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, izungushe kuingia ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi iguse, na uandike hesabu hiyo. Iguse tu, isikazwe, kwa kuwa ncha yake kali hupasua kikalio chake. Kisha itoe pamoja na springi, washa na oringi yake ndogo. Oringi hiyo huwa inabaki ndani ya tundu na wengi huisahau. Toa jeti kwa bisibisi bapa inayoijaza nafasi yake yote. Jeti ni za shaba nyeupe laini, zinachanika kwa kosa moja.

Kila kitu cha mpira kiwekwe kando kabla dawa haijafunguliwa: oringi, gasketi, na diaframu kwa zile kabureta ambazo slaidi yake hupandishwa na mvuto wa hewa badala ya kamba. Dawa ya kupulizia ya kusafishia kabureta huvimbisha na kukausha mpira. Nyunyizia jeti na njia zote, acha dawa ifanye kazi kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kisha pitisha hewa ya kompresa. Hewa ipite pande zote mbili za kila njia. Jeti iinue kwenye mwanga: tundu linapaswa kuonekana duara kamili, lenye ukingo mkali, bila kivuli cha utando. Tazama pia vijitundu vya pembeni mwa mwili wa jeti na bomba la sindano, maana hapo hewa huchanganywa na mafuta kabla hayajafika kooni, na vikiziba mchanganyiko unaharibika hata kama tundu la kati ni safi.

Kwa uchafu ulioshupaa, usitumie waya wa chuma, sindano ya kushonea wala keekee. Irudie dawa, iache ilale, au tumia unyuzi mmoja wa shaba uliochunwa kutoka kwenye waya wa umeme, mwembamba kuliko tundu, uusukume bila nguvu. Jeti isiyokubali kufunguka ibadilishwe kwa yenye namba ileile. Pia usiloweke mwili wa kabureta kwenye siki, maji ya limau au maji ya betri. Umetengenezwa kwa aloi ya zinki au ya alumini, na asidi huila pamoja na uchafu.

Floti na valvu yake

Bakuli lina floti inayopanda na mafuta, na ikifika kimo chake inasukuma valvu ya sindano kufunga njia. Kimo hicho huathiri kila njia ya kabureta kwa pamoja, kwa sababu ndicho kinachoamua petroli ipandishwe umbali gani hadi kooni. Floti ikikaa juu mno, mchanganyiko wote unakuwa mzito. Ikikaa chini mno, wote unakuwa mwepesi.

Pikipiki inayodondosha petroli kwenye mpira wa ziada ikiwa imeegeshwa ina moja ya mambo matatu: uchafu kwenye kikalio cha valvu, ncha ya valvu iliyolika, au floti iliyotoboka. Itikise floti karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, imetoboka na haifai. Ncha ya valvu ipitishe ukucha: ikiwa na mfereji unaozunguka, ibadilishe. Kimo cha floti kipimwe kwa rula kutoka kwenye ukingo wa kabureta, ulimi wa floti ukiwa umegusa valvu bila kuikandamiza springi yake, na kilinganishwe na namba ya kitabu. Anayeupinda ulimi huo kwa kukisia anabadilisha kipimo cha injini nzima.

Kuirekebisha, na hesabu ya milima

Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoiandika. Ikiwa hesabu imepotea, mzunguko mmoja na nusu hadi miwili kutoka pale inapogusa ni mwanzo mzuri kwa kabureta nyingi. Washa injini, iache ipate moto kamili, kisha zungusha skrubu robo kwa robo, ukisubiri kidogo kila mara, hadi upate mahali ambapo mzunguko ni wa juu na laini. Halafu shusha sailensi kwa skrubu ya slaidi. Kumbuka kwamba kuna aina mbili: skrubu iliyo upande wa eya klina hupima hewa, na ukiilegeza mchanganyiko unakuwa mwepesi, iliyo upande wa injini hupima mafuta, na ukiilegeza unakuwa mzito. Asiyejua tofauti hii anaweza kuzungusha siku nzima akienda kinyume.

Mwinuko nao una neno lake. Pikipiki iliyorekebishwa Mombasa au Dar es Salaam ikipandishwa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hukutana na hewa ambayo kila lita yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haijui hilo. Petroli inapungua, lakini haipungui kwa kiasi kilekile cha hewa, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia kadhaa. Kupungua kidogo kwa nguvu ni kwa lazima, maana oksijeni ni pungufu. Moshi mweusi na plagi yenye masizi ndivyo vinavyorekebishika, kwa jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi au kwa kushusha sindano ngazi moja pale inapokuwa na ngazi. Anayeshuka kurudi pwani airudishe kama ilivyokuwa, la sivyo injini itapata mafuta pungufu na kuchemka.

Kwa fundi na kwa dereva

Fundi, nakuomba uyathamini mapafu na ngozi yako kama unavyothamini spana zako. Petroli ina benzini, kemikali iliyothibitishwa kusababisha saratani ya damu. Usinyonye mpira wa mafuta kwa mdomo, usipulize jeti kwa mdomo, na usinawe mikono kwa petroli. Vaa miwani unapotumia kompresa, kwa kuwa dawa hurudi kupitia tundu usilolitarajia na kukulenga machoni. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini na kujikusanya kwenye mashimo, na unaweza kushika moto hata kwenye baridi kali. Jiko la mkaa la mama lishe na sigara ya mteja vikae mbali na kazi yako.

Dereva, kinga yako ni rahisi. Weka kichujio kidogo kwenye mpira wa mafuta na ukibadilishe kikichafuka. Nunua petroli kwenye kituo chenye mita. Safisha eya klina kabla hujaambiwa. Pikipiki ikienda kulala kwa wiki kadhaa, funga koki na umwage bakuli la kabureta, ili pasiwe na mafuta ya kukauka ndani ya jeti. Na siku itakapomisi, usimwambie fundi kwamba kabureta imekufa. Mwambie inamisi eksileta ikiwa imevutwa kiasi gani, ikiwa ya moto au baridi, na kama choki inaisaidia. Kisha mkatalie kabisa akitaka kupitisha waya wa chuma kwenye jeti.